Swali la tisa

Mama alimleta mwanawe kwa sababu ya kichwa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi: kichwa kinauma miezi mitano sasa, tumbo linawaka moto, usingizi hakuna. Kijana wa miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Moshi mjini. Mama akafungua bahasha ya kaki akaimwaga mezani kwangu. Majibu ya maabara tatu. Taifodi mara mbili, UTI mara moja, vidonda vya tumbo mara moja, kila ugonjwa na dozi yake, na kila dozi imemalizwa. "Sista, huyu mtoto ameshakunywa dawa mpaka basi," alisema. "Kama amerogwa niambieni tu nijue."

Kijana alikaa kiti cha pembeni, mikono ya sweta ameivuta mpaka imemeza vidole. Aliniamkia shikamoo kwa sauti ya chini, na kwa dakika kumi hilo ndilo neno pekee nililosikia kutoka kwake.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nakiandika kisa hiki kizima, pamoja na pale nilipokosea, na nimebadili yale ambayo yangemtambulisha kijana.

Nianze na zile taifodi, kwa sababu nakutana nazo karibu kila wiki. Kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, na kwenye nchi ambayo taifodi ipo mwaka mzima mtu anaweza kubeba kingamwili za maambukizi ya zamani, au kipimo kikajibu kitu kingine kabisa. Kijana akija na uchovu, kichwa na kukosa hamu ya kula, majibu yanatoka, dawa inaandikwa, kila mtu anarudi nyumbani ameridhika kwa siku kumi. Simlaumu wa maabara. Yeye ameulizwa kuhusu damu, akajibu kuhusu damu.

Shida ni kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, kwa vijana wetu haiingii mlangoni ikisema "nina huzuni". Inakuja imeshika kichwa. Na kichwa kinauma kweli, hakuna anayeigiza. Asiyelala anaumwa kichwa, asiyekula tumbo linamwaka. Kwa kijana dalili kubwa inaweza hata isiwe huzuni, ikawa hasira: anafoka kwa jambo dogo, anampiga mdogo wake kwa sababu ya rimoti, halafu anajifungia chumbani. Nyumbani wanasema amekuwa jeuri. Shuleni wanasema mvivu.

Huyu alisemwa yote mawili. Alikuwa mtu wa namba kumi za kwanza darasani, akashuka mpaka thelathini na kitu. Alisinzia kipindi cha hesabu, akachapwa, kesho yake akasinzia tena. Hakuna aliyeuliza usiku alikuwa anafanya nini. Alikuwa anahesabu mabati ya dari. Aliniambia baadaye kwamba chumbani kwake yanaonekana mabati kumi na nne, na kwamba ukiyahesabu kuanzia dirishani yanakuwa kumi na nne na kipande.

Siku ile ya kwanza nilifanya yale ya kawaida. Daktari tunayefanya naye kazi alimpima: malaria hakuna, damu inatosha, VVU hana, shingo haina uvimbe wa tezi, hajawahi kuanguka kifafa wala kuumia kichwa. Bangi hapana. Pombe, mbege kikombe kimoja kwenye kipaimara cha binamu yake. Hasikii sauti, haoni mambo. Nilimuuliza pia kama kuna kipindi aliwahi kujaa nguvu kupita kiasi, halali wala hachoki, anajiona anaweza lolote, kwa sababu jibu la ndiyo hapo linabadilisha ugonjwa na dawa. Hapana.

Kisha nikatoa dodoso la maswali tisa la kupima sonona, lile linaloitwa PHQ-9. Linauliza wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, kujisikia vibaya, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia kwenye jambo, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na la tisa, mawazo kwamba ni bora ungekufa au ujidhuru kwa namna yoyote. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na alama zikipanda hali ni mbaya zaidi. Nilimsomea moja moja na yeye akajibu. Alipata 11. Swali la tisa alisema hapana, haraka, kabla sijamaliza kulisoma.

Na mama yake alikuwa amekaa pale pale, mkono wake uko begani kwa mwanawe.

Hilo ndilo kosa langu. Foleni ilikuwa ndefu, mvua imeanza, nikajiambia mama akitoka itaonekana nina siri. Kijana wa miaka 16 hawezi kusema mbele ya mama yake kwamba anatamani kufa. Angesemaje, na mama huyo ni mjane? Niliandika "hakuna mawazo ya kujidhuru" kwenye faili, nikampangia kurudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Nikiisoma leo ile sentensi, naona niliandika jibu la mama.

Kilichonishtua ni mama mwenyewe, tena kwa bahati. Akiwa mlangoni, akifungua mwavuli, alisema kwa fahari kidogo: "Ila ana moyo mzuri, sista. Juzi njumu zake zote amempa mtoto wa jirani. Na redio ya baba yake amempa mdogo wake." Nikamuuliza, kwani mpira ameacha? "Ah, anasema hana kazi nazo tena."

Kugawa vitu unavyovipenda ni miongoni mwa dalili ambazo mtu wa kazi yetu hapaswi kuzisikia akabaki amekaa. Nikawarudisha. Nikamwomba mama akakae kwenye benchi nje. Nikafunga mlango, na kabla ya swali lolote nikamwambia kijana masharti: utakayoniambia yanabaki humu, isipokuwa kama uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, hapo sitanyamaza, lakini sitasema bila wewe kujua. Akatikisa kichwa kukubali.

Sikulisoma tena kwenye karatasi. Nilimuuliza kama ninavyoongea: "Mdogo wangu, kuna watu wakichoka sana wanatamani walale wasiamke. Wewe imeshakufika hapo?"

Alikaa kimya. Nje wauza ndizi walikuwa wanasukumana kujificha mvua chini ya paa letu. Kisha akasema, "Kila siku."

"Na kujiua, umewaza?"

"Ndiyo."

Bado kuna walimu, wazazi, hata wenzangu wa hospitali, wanaoamini kwamba kumuuliza kijana hivyo ni kumpa wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti umelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na haujaona kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Ninachokiona mimi chumbani ni mabega kushuka. Yake yalishuka, na vidole vikatoka kwenye sweta.

Baada ya "ndiyo" huwezi kuishia hapo. Niliuliza kwa kushuka ngazi: mawazo yanakuja lini, yanakaa muda gani, umewaza utafanyaje, hicho kitu kipo wapi, umepanga siku, nini kimekuzuia mpaka leo. Alikuwa na njia kichwani. Akataja kitu kilichopo stoo kwa bibi yake Kibosho. Hapa sitakitaja, Shirika la Afya Duniani (WHO) linawaomba wanaoandika habari hizi wasieleze njia, na sioni sababu ya kujiondoa kwenye ombi hilo. Kinachotosha ni kwamba stoo ina mlango, mlango una kufuli, na ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari jikoni ambako hata mtoto wa darasa la tatu anaufikia. Siku hakuwa amepanga. Kilichomzuia? "Mdogo wangu wa kike. Nikimwaza yeye naghairi."

Tulirudia dodoso, tuko wawili. Alama 17, na swali la tisa alama 2. Wiki ile ile, kijana yule yule, dodoso lile lile. Kilichobadilika ni mlango.

Baba alifariki miaka miwili kabla, kwa ugonjwa wa ghafla. Walimzika kihambani, shamba la ukoo, Kibosho, kwenye migomba, hatua chache kutoka njia ya kwenda jikoni kwa bibi. Kijana alikuwa na miaka 14. Siku ya mazishi wanaume wa ukoo walimpitia mmoja mmoja, wakamwekea mkono begani, wakamwambia: "Sasa wewe ndiye baba. Usilie, mama yako anakuangalia wewe." Walikuwa saba, aliwahesabu. Walimaanisha mema. Hawakujua kwamba mtoto alilichukua neno kama lilivyo. Hakulia. Kila Jumamosi walipokwenda kwa bibi alizunguka nyuma ya zizi ili asipite pale, na Desemba, Wachagga wote wanapopanda mlimani na nyumba imejaa shangazi na ng'ombe wa Krismasi, yeye alisema anaumwa kichwa, akabaki mjini.

Hiyo Desemba ndiyo mwezi ambao kichwa kilianza kuuma. Maabara tatu, na hakuna aliyeweka tarehe hizo mbili pamoja.

Je, ni msiba tu? Nililijadili hilo na daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa hospitali ya rufaa, kwa sababu si kila anayeomboleza anaumwa. Msiba huja kwa mawimbi, na katikati ya wimbi na wimbi mtu anacheka, anakula, anakumbuka. Huyu alikuwa na miezi mitano ya kutofurahia chochote, anajiona mzigo, amepungua uzito, masomo yameanguka, anawaza kufa kila siku. Huo ni ugonjwa wa sonona, umeota juu ya msiba ambao haukuruhusiwa kulia. Umri wake hautushangazi. Takriban theluthi ya matatizo ya afya ya akili duniani huanza kabla ya miaka 14, na karibu nusu kabla ya 18. Kwa hesabu za WHO watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa walio kati ya miaka 15 na 29 ni sababu ya tatu ya vifo.

Kumwambia mama ndiko kulikokuwa kugumu. Tulikubaliana na kijana kwamba mimi niseme, yeye akae hapo, na nikikosea anisahihishe. Mama hakupiga kelele. Alivua kitenge alichojifunga mabegani akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Swali lake la kwanza: "Mtampeleka Milembe?" Kwa watu wengi huku jina la hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma ni neno la kumwogofya mtu au kumtania, na mzazi akilisikia anaona mwanawe amekwisha. Nikamwambia hapana, tiba yake inaanzia hapa na nyumbani. Swali la pili, kwa sauti ya chini zaidi: "Na polisi?"

Hakuuliza ovyo. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kosa, na kijana hakuwa amejaribu, kwa hiyo hakukuwa na polisi. Ila nisiume maneno: kifungu hicho kinatuharibia kazi. Familia inayomwokoa mtoto usiku inafika asubuhi na hadithi ya "alikula kitu kibaya", na sisi tunatibu hadithi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho kinapingana na katiba. Huku kwetu bado.

Swali la tatu la mama lilikuwa la mama: "Nilikukosea wapi, baba?" Kijana akajibu, bila kumwangalia, "Hujanikosea. Nilikuwa sitaki ulie tena."

Siku ile ile tulifanya mambo mawili ambayo hayahitaji daktari wala fedha. La kwanza, stoo. Shangazi yake, dada wa marehemu, ameolewa jirani na bibi. Tulimpigia simu kutoka ofisini. Alikwenda kabla ya jioni, akafunga kufuli mpya na kuondoka na ufunguo. Kwa watu wengi ile saa mbaya zaidi ni fupi, inapanda na kushuka, na kinachoamua ni kama kitu kipo mkononi au kiko mbali. Ndiyo maana WHO, kwenye mpango wake wa kuzuia kujiua wa 2021, LIVE LIFE, imeweka kwanza kabisa kumzuia mtu asizifikie nyenzo za kujidhuru. Watu hudharau jambo hili kwa sababu linaonekana dogo mno. Kufuli!

La pili, mpango wa usalama. Tulichana karatasi kwenye kaunta buku, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake, maana nikiandika mimi unakuwa mpango wangu. Dalili kwamba mambo yanaanza kuwa mabaya: "nikianza kuhesabu mabati, nikinyamaza mezani." Ninachoweza kufanya peke yangu: "kuoga maji ya baridi, kusikiliza mpira." Pa kwenda penye watu: "kwa fundi baiskeli". Wa kumwambia: shangazi. Nilitegemea aandike mama, nikamwacha. Kisha namba ya kituo chetu na 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Mwisho: "stoo imefungwa." Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya mkebe wa kompasi.

Kwa wiki zilizofuata tulionana kila Jumatano. Mjomba mmoja alitoa shauri la viboko. Kanisani walimwombea, na paroko, ambaye nilimfuata mwenyewe, alimwambia mama mbele yangu aendelee na kliniki. Sina ugomvi na maombi, nina ugomvi na anayesema acha dawa. Shuleni nilipata mwalimu mmoja tu wa kusikiliza, mwalimu wa malezi, naye alitosha: viboko vya kusinzia viliisha, na akapewa nafasi ya kufanya majaribio aliyoyakosa.

Mazungumzo yetu mengi yalikuwa ya vitu vidogo sana. Kutoka nje mara moja kwa siku hata kama hutaki. Kwenda uwanjani, hata kuangalia tu. Kwa kijana mwenye sonona hamu haiji kwanza ndipo miguu ikafuata. Miguu inatangulia na hamu inakuja nyuma, inachechemea. Wiki ya tano usingizi ulikuwa bado saa tatu kwa usiku, na alama 15. Daktari bingwa akaanza fluoxetine, dawa ya sonona, kwa kiwango kidogo. Dawa aliishika mama, inatolewa ya wiki moja kwa wakati, na nilimweleza mama wazi kwamba kwa vijana wiki za mwanzo zinataka jicho la karibu, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka kabla dawa haijakolea. Hapo nilijiharibia tena: nilimwambia "mwezi mmoja mtaona tofauti". Mwezi ulipoisha bila tofauti kubwa, mama ndiye aliyekata tamaa, si mtoto.

Siku moja matokeo ya mitihani ya kati ya muhula yalibandikwa ubaoni. Hesabu, F. Kijana aliondoka shuleni saa sita mchana na hakuonekana mpaka saa kumi. Mama alinipigia akiwa anahema, tayari ameshapita kwenye daraja na reli. Alikuwa kwa fundi baiskeli. Alikaa kwenye kigoda kwa muda wa saa nne, anashikilia spoku, na fundi, ambaye hajui lolote kuhusu PHQ-9, hakumuuliza kitu ila alimpa chai na chapati akamwambia asiondoke mpaka wafunge tairi la mwisho. Kutoka pale aliazima simu akampigia shangazi. Kuoga maji ya baridi hakukumbuka. 116 hakupiga. Karatasi haikufuatwa ngazi kwa ngazi, ila ilimfikisha kwa mtu.

Jumamosi iliyofuata shangazi alimpeleka Kibosho. Walichuma isale, jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha ni vigumu kumkatalia, na kijana akapita njia ya jikoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilichomeka kwenye udongo kaburini. Sijui alimwomba baba yake msamaha wa nini, na sikuuliza. Shangazi aliniambia alilia mpaka bibi akatoka na kigoda na kukaa naye, bila kumnyamazisha.

Alama zilishuka baada ya hapo, si kwa mstari ulionyooka: 12, 13, 9. Septemba alikuwa na 6. Swali la tisa, 0. Nilimuuliza kwa mdomo pia, mlango umefungwa, akacheka: "Sista, hilo swali wewe hulichoki?" Dawa anaendelea nayo, daktari anataka miezi isiyopungua sita tangu apate nafuu ndipo aanze kupunguza. Hesabu bado ni D. Njumu hakuzidai, mtoto wa jirani zimeshambana, na mama anaweka fedha za jozi nyingine.

Ufunguo uko kwa shangazi. Bibi hajafurahi hata kidogo, maana jembe lake pia liko stoo, na kila asubuhi ya kulima anapanda kilima kwenda kugonga kwa mkwe wa watu, akinung'unika kwa Kikibosho njia nzima.